Neno la Cherehani Juu ya Maji ya Manjano

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, mashemeji, majirani wa mtaa wa nyuma ya stendi, wafanyakazi wenzake marehemu kutoka taasisi ya utafiti, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja, nimesimama kwa niaba ya familia kuwasomea historia ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Cherehani, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, kwa sababu mimi ni kinyozi, nimezoea kuzungumza nikiwa nimemshika mtu kichwa na wembe uko karibu na sikio lake, hana pa kwenda, lakini leo nimeshika karatasi tu, na mlango uko wazi nyuma yenu. Naogopa, na sitawaficha.

Marehemu aliacha neno, akataka lisemwe ndani ya historia yake, si kabla wala si baada, kwa kuwa alikuwa na hoja yake kwamba mtu anaweza kutoka katikati ya mkutano, anaweza kuzima redio, anaweza kuchukua gazeti akafungia kipande cha sabuni, lakini hakuna mwenye adabu anayeinuka akaenda zake historia ya marehemu ikisomwa. Neno lenyewe linahusu yale maji ya manjano ambayo wengi mliokaa hapa mnayanywa asubuhi na jioni kutuliza miguu, na mmoja wa wanywaji anatoka ubavuni mwangu, ni binti yangu wa pekee, ana ujauzito wa miezi saba, amekaa pale mstari wa mbele. Mmeelewa sasa kwa nini naogopa. Nitafuata utaratibu, tutafika huko.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1958, katika hospitali ya wilaya, akiwa mtoto wa kwanza wa baba yetu, aliyekuwa tarishi wa posta, na mama yetu, aliyekuwa mhudumu katika mkahawa wa stesheni, na ninawaomba muitazame hiyo kazi ya mama, kwa maana katika ukoo wa mama hakuna karani, hakuna dereva, hakuna fundi saa, tangu babu wa babu watu wetu wamefanya kazi za kusimama na kutembea, wapo wapagazi, wapo wachukuzi wa barua, dada wa mama aliuza vitambaa kwa kuzunguka nyumba hadi nyumba, mimi mwenyewe ni kinyozi, na watu wakatusifu kwamba ukoo ule una bidii. Bidii gani! Kiti kilikuwa kinatushinda.

Mama yetu alikuwa na miguu isiyotulia, ugonjwa ambao wakati ule pale mtaani haukuwa na jina, akikaa tu jioni kushona kifungo anaanza kuhisi siafu wanaandamana ndani ya mfupa, anainuka, anaizunguka meza, anakaa, anainuka tena, nasi watoto tulijifunza kulala kwa kusikiliza kandambili zake, zikinyamaza tunashtuka. Majirani walisema yao, wengine kwamba amechezewa, wengine kwamba ana jambo linamsumbua rohoni, na baba, ambaye alikuwa mtu wa utani hata kwenye shida, aliwaambia wageni kwamba amemuoa mke asiye na gharama ya viti. Tulicheka, lakini kila mmoja wetu kimyakimya alikuwa anaichunguza miguu yake mwenyewe, na yangu ilianza nikiwa na miaka kumi na miwili.

Elimu ya msingi marehemu aliianza Januari 1965, katika shule iliyokuwa na madawati ya kukalia watoto watatu, na kwa kuwa mguu wake wa kulia ulikuwa unapigapiga sakafu hata yeye mwenyewe hajui, dawati zima lilitikisika, wino ulimwagika, mwalimu wa darasa akauliza ni nani amekuja na cherehani darasani, na jina likamganda mpaka leo. Alichapwa kwa kosa hilo mwaka mzima, hadi alipokuja mwalimu wa hesabu, mama mmoja mfupi, ambaye hakuuliza maswali mengi, alimwambia tu asimame nyuma, aweke daftari kwenye ukingo wa dirisha, na tangu siku hiyo dada alisoma akiwa wima, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, sekondari akasoma kuanzia 1972 hadi 1977, na mtihani wa mwisho aliufanya wima, msimamizi akiwa amesimama karibu yake kwa kudhani anapiga chabo.

Mwaka 1979 alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea ualimu, lakini mwezi Agosti mama aliugua uvimbe wa tumbo, akapasuliwa, na baada ya upasuaji wauguzi walipoona miguu yake inarusha shuka walidhani amechanganyikiwa, wakamfunga vifundo vyote viwili kwa bendeji kwenye reli za kitanda. Dada alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Aliingia saa ya kuona wagonjwa akiwa na chupa ya chai, akamkuta mama amefungwa, jasho linamtoka, macho yamemtoka, anaomba afunguliwe atembee kidogo tu, hata hatua mbili, kisha wamfunge tena wakitaka. Mama hakufa kwa kufungwa, nataka nilisahihishe hilo maana limesemwa sana, alikufa kwa ule uvimbe tarehe 21 Agosti, lakini dada alitoka wodini pale na hofu ambayo hakuiacha tena, alikuwa akiniambia kwamba kifo hakimtishi, kinachomtisha ni kitanda chenye reli, na mwezi wa Oktoba aliomba abadilishiwe masomo, akaingia chuo kikuu kusoma kemia.

Alihitimu mwaka 1983, na tarehe 2 Julai 1984 akaajiriwa na taasisi ya utafiti wa mimea, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho mkono wa kushoto, ambacho wengine wenu mnakijua, kina dirisha moja linalogoma kufunguka, sinki lililogeuka manjano kama meno ya mvutaji, harufu ya spiriti, na kigoda kirefu cha maabara alichokabidhiwa siku ya kwanza, ambacho kilipokwenda kuhesabiwa siku anastaafu mwaka 2018 kilikuwa bado na plastiki ya dukani. Kati ya mwaka 1988 na 1992 alisoma nje, akarudi na shahada ya udaktari, na nywele fupi, ambazo nilikuwa nampunguza mimi, yeye amesimama, mimi nimepanda juu ya kreti, wateja wangu wengine wakilipa nusu kwa kuangalia sinema hiyo.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 13 Desemba 1986 na shemeji yetu, fundi umeme, huyu mliyemwona akipokea salamu zenu mlangoni, na ndoa hiyo ilikuwa na vitanda viwili tangu wiki ya kwanza, si kwa ugomvi, ila kwa sababu shemeji aliamka siku ya tatu akiwa na michubuko ya ugoko, mama yake mzazi akaja juu kutaka kujua nani anampiga mwanawe. Shemeji alivuta waya, akaweka taa ndogo za chini kutoka chumbani hadi jikoni hadi uani, ili mkewe anapozunguka asijikwae, na nawaambia nimeona wanaume wanawapa wake zao dhahabu, sijaona aliyempa mke wake njia. Mungu hakuwajalia mtoto wa kuzaa. Walijaliwa wa kulea, naye ni binti yangu.

Hapa naomba nipumue. Binti yangu alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Juni 1994, na mama yake, mke wangu, alifariki siku hiyo hiyo. Ujauzito ule mke wangu alikuwa amepauka, akipanda ngazi mbili anashika ukuta, anakula udongo kwa kuficha kwenye upindo wa nguo, nasi tukimtania kwamba atazaa tofali, mzaha mzaha hutumbuka usaha, kwa sababu ule udongo ulikuwa ni mwili unaotafuta madini ya chuma, na siku ya kujifungua alipotoka damu, ambayo daktari alisema mama mwingine angeivumilia, yeye hakuwa nayo ya kupoteza. Dada alitoka maabara na koti lake jeupe mwilini, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamlea yeye na shemeji, na mtoto yule hakupata usingizi mahali popote ila begani kwa shangazi yake anayetembea.

Sasa nifike kwenye kazi iliyompa marehemu jina. Mnaujua mti wa uani, ule wa majani membamba tunaozungushia nyumba, ukiukata mkono unabaki na manjano. Rangi ile, kwa maelezo aliyonipa nikiwa juu ya kreti, inatokana na jamii ya vitu vinaitwa flavonoidi, vipo kwenye majani, kwenye maua, kwenye maganda ya matunda, mmea unavitengeneza kujikinga na jua na wadudu, viko aina maelfu, na yeye alikamata kimoja, alikichuja na kukikausha hadi kikawa unga, akawapa panya ambao miguu yao inashtukashtuka wakilala, panya wakatulia. Alikuwa anajua toka mwanzo kwamba ugonjwa huu na upungufu wa madini ya chuma ni chanda na pete, mtu akipungukiwa madini hayo ugonjwa wa miguu hupamba moto, na ninawaomba mlishike hilo, maana ndipo tulipokwama.

Mwaka 2012 hospitali ya rufaa ilimruhusu kujaribu kwa watu, wakapatikana waliojitolea, nusu wakapewa unga wa manjano, nusu unga wa rangi hiyo hiyo usio na dawa, na kwa utaratibu wa utafiti kila mtu alifika alfajiri tumbo tupu, akanywa mbele ya muuguzi, akakaa bila kula hadi saa nne, kwa wiki nane. Waliokunywa dawa walilala. Kuna mzee mmoja mwashi aliyelia mbele ya muuguzi kwa sababu aliota ndoto, alikuwa amesahau kwamba watu huota. Dada aliandika matokeo mwaka 2013, kwa uangalifu, akasema ni ya wiki nane tu na watu ni wachache, lakini redio ikasema jani la uani linatuliza miguu, basi, kwisha habari, kufika mwisho wa mwaka nyua za mji mzima zilikuwa vijiti vitupu, hata ua wa kituo cha polisi ulipukutishwa mchana kweupe, na wote mnajua hapa hakuna fundi bustani hodari kiasi hicho.

Kosa lilikuwa ni la adabu zetu. Hospitalini watu walikunywa tumbo tupu, lakini nyumbani ni nani kati yetu anakunywa kitu kavukavu? Mgeni akija unampa maji matupu? Tulichemsha majani, tukayanywa na mkate, na maharage, na nyama, na mboga, tukawapa wagonjwa pamoja na chakula chao ili dawa isiwachome tumbo, na flavonoidi ile, kumbe, ikikutana na madini ya chuma ya chakula inayakumbatia, yanapita tumboni hivyo hivyo hadi chooni, mwili haupati kitu. Miguu inatulia, damu inaisha, na damu ikiisha sana miguu inaamka upya na hasira, mtu anaongeza kikombe. Mwezi wa kwanza ni neema, mwaka wa tatu ni balaa, na kikulacho ki nguoni mwako.

Marehemu naye alikunywa, kuanzia 2014, kwa kifungua kinywa kama sisi wote, na sitasahau harusi ya mwaka ule ambayo alikaa kwenye kiti toka mwanzo hadi mwisho, ndugu walikuja kumpiga picha. Mwaka 2017 akaanza kuhema kwenye ngazi za ghorofa ya pili, kucha zikapinda, midomo ikapauka, miguu ikaanza kusumbua saa sita mchana badala ya jioni, kisha mikono, na Februari 2018 alipopimwa damu akakutwa ghala la madini mwilini halina kitu. Alikwenda kuwatafuta wale wa wiki nane waliokuwa wameendelea kunywa kwa hiari yao, akaanza na yule mwashi, akamkuta kitandani, mweupe kama chokaa yake. Alirudi nyumbani siku hiyo akaniambia maneno ambayo nayarudia kama alivyoyasema.

"Nilipima usingizi wao, sikupima damu yao."

Kuanzia hapo alikuwa mtu mwenye hofu, nasi tulioishi naye tuliivaa hofu hiyo. Aliiambia taasisi, akaambiwa jambo hilo linahitaji utafiti mwingine, nalo ni kweli, asisingiziwe mtu. Alikwenda redioni, wakampa muda mfupi baada ya matangazo ya vifo. Alipita nyumba kwa nyumba kama mama yetu mkubwa wa vitambaa, na watu ambao walikuwa wanambariki barabarani walianza kusema amenunuliwa, kwamba kuna wakubwa wanataka jani liwe lao, na mtaani kwetu mama wa nyumba alikuwa akimwona anakuja anafunika birika kwa kitambaa. Jumapili moja ya mwaka 2019 alituita wanafamilia jikoni kwake, akaweka mezani glasi ya maji ya manjano, mazuri, yanang'aa, akachukua vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, akavisaga, akamimina humo, akakoroga. Yaligeuka meusi mbele ya macho yetu, meusi ti, kama wino uliomwagika dawatini kwake utotoni, tena yakaanza kutuama. Mama mdogo aliuliza kama hayo ndiyo yaliyo tumboni mwake, na dada akasema ndiyo. Mimi niliacha siku hiyo, na sitawadanganya, nililipa, nilitembea mpaka nikamchukia mtu yeyote aliyelala.

Yeye mwenyewe aliacha mapema zaidi, akawekewa madini kwa dripu, na baada ya miezi kadhaa, nawaomba mlisikie hili wale mnaodhani hakuna njia nyingine, miguu yake ilipungua ukali bila jani, haikupona, ilipungua, alipata usingizi wa kuazima. Lakini moyo ulikuwa umefanya kazi miaka mingi na damu nyepesi, ukachoka. Novemba 2022 alivimba miguu, akalazwa, akatoka, akalazwa tena Aprili na tena Septemba mwaka huu. Sisemi jani limemuua, daktari hakusema hivyo, nami siweki maneno kinywani mwake. Alisema moyo ulidhoofishwa na upungufu wa damu wa muda mrefu, na sababu za upungufu huo zilikuwa zaidi ya moja, na jani lilikuwa mojawapo. Mkae na hayo kama mimi ninavyokaa nayo.

Kitanda cha wodi kilikuwa na reli. Niliziona kabla yake, nikataka kumfunika macho kama mtoto. Hakuwa na nguvu ya kusimama tena, na miguu haikujua hilo, ilikuwa inataka, na shemeji pamoja na wauguzi wa wodi ile walikuwa wanaikunja na kuinyoosha kwa mikono yao, mmoja akichoka anampisha mwingine, wakimtembeza hivyo hivyo amelala. Hakufungwa hata mara moja. Shemeji, familia inakushukuru mbele ya watu.

Wiki ya mwisho binti yangu alikwenda kumwona. Miguu ya ukoo ilikuwa imemwamkia mwezi wa nne wa ujauzito, kama inavyowaamkia wengi wenye mimba, na kliniki walimpima damu wakakuta iko chini, wakampa vidonge vya madini. Shangazi yake alimuuliza kama anavimeza, akajibu kwa uaminifu kabisa kwamba havikosi, anavimeza kila siku, kwa maji ya manjano. Nilikuwepo, ilikuwa mchana, chakula cha wodi kinagawiwa, nikaona dada anashika reli ile aliyokuwa anaiogopa maisha yake yote, akajaribu kuinuka akashindwa. Alimsihi. Mimi nilimsihi tukiwa tunashuka ngazi, kwa maneno makali, na mnanijua hasira zangu, na binti alisimama kwenye kona ya ngazi akanijibu jibu ambalo sijapata la kulijibu hadi sasa.

"Baba, unaniambia niache kulala."

Binti alipopimwa tena damu ilikuwa imeshuka zaidi. Dada yetu alifariki Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa nne asubuhi, shemeji akiwa ameushika mguu wake wa kulia, ambao alisema ulitulia kabla ya pumzi, akadhani amepata usingizi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitano. Ameacha mume, mdogo wake mimi, mama mdogo, binti aliyemlea, na kigoda kipya.

Neno lake ni hili. Anayekunywa maji ya manjano aende kupima damu, aulize na ghala la madini, asikubali kuambiwa damu iko sawa bila kupimwa hilo. Asiyatumie pamoja na chakula, wala pamoja na vidonge, na mwenye mimba, na mama anayenyonyesha, na mtoto, wasiyaguse kabisa. Na mwenye miguu hii asione haya kusema, mficha maradhi kifo humuumbua, ukoo wetu ulificha kwa kuuita ugonjwa bidii. Alisema pia niwaombe radhi kwa zile wiki nane, kwamba alipaswa kungoja. Nawaona mnatazamana. Mtazamane, ndiyo alichotaka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa zamu ya asubuhi. Taasisi ya utafiti kwa gari na kwa kukubali, wiki hii, kwamba utafiti wa damu utafanyika. Majirani kwa viti, sufuria na kulala nasi msibani, pamoja na wale waliokuwa wanafunika birika, karibuni, hakuna kinyongo. Mzee mwashi, aliyepona kiasi akaja kujenga kaburi kwa mikono yake. Na wateja wangu walionyolewa nusu siku ile ilipokuja simu ya msiba, mrudi nitawamalizia.

Karatasi imeishia hapo, ila naomba kidogo tu. Mwanangu, tangu nianze kusoma ninainua macho kila mstari, watu wanadhani natazama jeneza, natazama miguu yako. Mimi nimesimama na bado nimebadilisha mguu mpaka soli imechoka. Mama mdogo ameshatoka nje na kurudi, msimlaumu, ni kiti. Wewe umekaa kwenye kiti kigumu, na tumbo hilo, mwendo wote huu, na hata kidole hakijacheza. Katika ukoo huu hakuna anayekaa hivyo bila kikombe. Umekunywa leo asubuhi, siku tunayomzika aliyekulea, na sina hasira, hasira ningeijua pa kuipeleka. Namwona mama yako amekaa hapo ulipokaa.

Daktari yuko mlango wa nyuma, amekubali kukupokea kesho, utawekewa madini kwa dripu, na mpaka yafanye kazi miguu itakutesa, sikufichi, itakuwa mibaya kuliko unavyoikumbuka. Tutatembea nawe, mimi, mumeo na baba yako aliyekulea, kwa zamu, taa za chini bado zinawaka toka chumbani hadi uani, na mtu hatalala nyumba ile kabla yako. Hilo ndilo jibu langu la kwenye ngazi, sina jingine.

Dada, wewe umetembea vya kutosha, lala sasa, amani ikufunike. Mwanangu, wewe nakuomba usilale bado.